Mtambo wa umeme wa kuni wa Berlin, New Hampshire: Bunge liliahirisha deni mara mbili, mara ya tatu Gavana akagoma

Mwanamsitu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu jukwaani hakupiti muda mrefu bila mtu kuuliza kwa nini Mufindi na Njombe hatuna mtambo mkubwa wa umeme wa kuni, wakati mabanzi yanaoza na maranda yanachomwa moto nyuma ya viwanda vya mbao. Ni swali la haki. Ila majibu yake huishia kwenye boila na megawati, na kwa maoni yangu huko siko mitambo hii inakokwama. Inakwama kwenye mkataba wa bei, na baadaye kwenye sheria zinazotungwa kuuokoa huo mkataba. Kuna kisa kimoja nimekifuatilia kwa muda na kinaniuma, kwa sababu kila aliyekuwamo alikuwa na hoja yenye uzito na bado mambo yaliharibika.

Kisa kiko Berlin. Si ile ya Ujerumani, ni mji mdogo kaskazini mwa jimbo la New Hampshire, Marekani, kando ya mto Androscoggin. Kwa zaidi ya miaka mia mji ule uliishi kwa karatasi. Miti ilitoka milimani, ikaingia kiwandani ikawa rojo ya karatasi, na familia nzima kuanzia babu hadi mjukuu zikala hapohapo. Mwaka 2006 kiwanda cha rojo kikafungwa. Majengo mengi yakavunjwa, lakini boila moja kubwa, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaachwa imesimama.

Boila hiyo ndiyo iliyokarabatiwa ikawa mtambo wa Burgess BioPower, wa megawati 75. Ulianza kuzalisha umeme mwaka 2013. Kwa mwaka ulikuwa unachoma tani zipatazo 800,000 za miti hafifu: miti iliyopinda, iliyooza kiini, matawi, vilele, na ile myembamba isiyotoa ubao. Jimbo lile zaidi ya asilimia 80 ya ardhi yake ni msitu, na miti ya namna hiyo huwa haikosi.

Sasa tuje kwenye mkataba. Mwaka 2011 mdhibiti wa jimbo, yaani Kamisheni ya Huduma za Umma, aliidhinisha mkataba wa miaka 20 kati ya mtambo na kampuni ya umeme ya PSNH, ambayo leo ni Eversource. Bei ya umeme ilipangwa kwenye mkataba, ikiwa na kipengele cha kupanda na kushuka kulingana na bei ya kuni. Mdhibiti aliona hatari yake: vipi kama bei ya soko itashuka chini ya bei ya mkataba kwa miaka na miaka? Akaweka ukomo. Ile tofauti kati ya bei ya mkataba na bei ya soko ingejumlishwa mwaka hadi mwaka, na jumla ikivuka dola milioni 100, ziada yote ingekatwa kwenye malipo ya mtambo.

Ukomo huo uliwekwa kama tahadhari, lakini soko likaufikia mapema kuliko ilivyotarajiwa. Gesi ya miamba ya Pennsylvania iliingia sokoni kwa wingi, na kwa kuwa bei ya umeme ya jumla kule New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, hufuata sana bei ya gesi, umeme ukawa rahisi. Kuni hazikushuka bei, maana gharama yake ni dizeli, mashine, na mshahara wa mtu anayeshika msumeno. Tofauti ikawa inajaa mwezi baada ya mwezi.

Ndipo siasa zikaingia. Mwaka 2018 Bunge la jimbo lilipitisha muswada SB 577, unaosimamisha ule ukomo kwa miaka mitatu. Gavana Chris Sununu akausaini. Mwaka 2022 ukaja SB 271, ukaongeza mwaka mmoja. Mwaka 2023 ukaja HB 142, wa kuupa mtambo nafuu zaidi, na safari hii Gavana akapiga kura ya turufu. Veto ile haikupinduliwa. Februari 2024 kampuni ya mtambo ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika chini ya ile Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, na mkataba wa miaka 20 ukaishia njiani, hata haijafika miaka 11 tangu mtambo uanze kuzalisha.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea: Sheria zile ziliahirisha deni tu, hazikuokoa mtambo. Na sababu ya kuahirisha ni kwamba Bunge lilikuwa linanunua kitu kimoja huku likiandika kingine. Umeme ule lingeweza kuupata sokoni kwa bei nafuu. Lilichokuwa linanunua ni soko la miti hafifu, yaani kazi za wakata miti, mapato ya mji wa Berlin, na afya ya msitu. Vitu hivyo vina thamani. Lakini vilifichwa ndani ya bili ya umeme, tena si bili ya kila mtu. Gharama ile ya juu ya soko walibebeshwa wateja wa Eversource peke yao. Mteja wa kampuni nyingine ndani ya jimbo hilohilo, anayepita kwenye msitu uleule na kuvuta hewa ileile, hakuchangia chochote kwenye mkataba ule.

Ningependa kusikia waliobobea kwenye umeme na misitu.

---

Kibatari

Mkuu Mwanamsitu, umeeleza vizuri ila umempa Gavana nafasi ndogo. Tumsikilize na yeye. Ukomo wa dola milioni 100 ulikuwa ahadi kwa mlipa bili. Mwekezaji aliusoma, akausaini, akaenda benki akakopa akiujua. Baadaye anarudi anasema ukomo unanibana, uondoeni. Akipewa miaka mitatu, anarudi tena. Akipewa mmoja, anarudi tena. Wewe ungekuwa ni bibi mjane unayelipa bili ya umeme kwa pensheni, katikati ya baridi ya Januari, ungeuona mkataba huo una maana gani?

Mimi napinga kila ruzuku inayopitia kwenye bili. Bili haijui nani tajiri nani maskini. Kodi angalau hujaribu.

---

Mwanamsitu

Kibatari, kwenye bili na kodi tuko pamoja, na ndiyo hoja yangu yenyewe. Ila kuna jambo la New Hampshire lazima tulijue. Jimbo lile halina kodi ya jumla ya mauzo, wala halikati kodi kwenye mishahara. Wanajivunia hilo sana. Wabunge wa jimbo wanalipwa dola 100 kwa mwaka, na Baraza la Wawakilishi lina viti 400. Ni serikali yenye mfuko mwembamba kwa makusudi. Kwa hiyo mbunge wa kaskazini akitaka kuokoa kazi za watu wake, hazina haina kitu cha kumpa. Bili ya umeme ndiyo iliyo karibu. Ndiyo maana karibu kila mjadala wa kuni kule unageuka mjadala wa bei ya umeme.

Na Berlin haikuwa peke yake. Mwaka huohuo wa 2018 kulikuwa na muswada mwingine, SB 365, kwa ajili ya mitambo sita midogo ya kuni. Ulitaka kampuni za umeme zinunue umeme wao kwa asilimia 80 ya bei ya kawaida ya mteja, kwa miaka mitatu. Gavana aliusaini ule wa Berlin, huu wa mitambo midogo akaupigia veto. Septemba wabunge wakarudi wakapata theluthi mbili kwenye mabaraza yote mawili, wakaipindua veto. Wakata miti walisherehekea.

Sherehe haikudumu. Kundi linalotetea walipa bili lilipeleka malalamiko kwa mdhibiti wa nishati wa shirikisho, likisema jimbo haliruhusiwi kujipangia bei ya umeme wa jumla, hiyo ni mamlaka ya shirikisho. Kampuni ya umeme haikuweza kununua huku sheria ikiwa na alama ya kuuliza juu yake. Mwaka 2019 Bunge likajaribu njia ya kuzunguka kwa HB 183, Gavana akaupigia veto, na safari hii kura hazikutosha kuipindua. Mitambo ile midogo ikaanza kuzimwa.

Mtu ana sheria mkononi, ameshinda hadi veto, na bado hauzi hata uniti moja. Hicho ndicho kilichonifanya niandike uzi huu.

---

Dereva wa Semi

Salamu kutoka New England, wakuu. Mimi nabeba mzigo huu, chipsi za mbao, kwa hiyo nitasema ninachokiona.

Mti hafifu hausafirishwi kama gogo. Unasagwa hukohuko porini: mashine inameza mti mzima na matawi yake, inatema vipande vya ukubwa wa kiberiti moja kwa moja ndani ya trela. Trela ikijaa ni tani 30 hivi, na karibu nusu ya uzito huo ni maji ya mti mbichi. Ukifika mtamboni unapima uzito kwenye mizani, unaingia kwenye jukwaa la chuma, unashuka kwenye gari. Kisha jukwaa linainuka na kichwa na trela na kila kitu, gari linasimama kama linataka kupaa, mzigo wote unamwagika kwa nyuma. Dakika chache umemaliza. Mara ya kwanza kuona gari langu liko hewani vile nilishika kichwa.

Tani 800,000 mlizotaja, gawanyeni kwa 30. Ni magari zaidi ya 70 kila siku ya mwaka. Ila si kila siku kuna kazi. Machi na Aprili theluji inayeyuka, barabara za msituni zinakuwa matope, halmashauri zinaweka mabango ya kuzuia magari mazito. Mkata miti hapo hana kipato, lakini rejesho la mashine yake benki halisubiri matope yakauke. Mashine moja ya kusaga inaweza kugharimu mamia ya maelfu ya dola.

Kingine ambacho wa nje hawakijui: soko likiondoka, linaondoka yote kwa pamoja. Aprili 2020 mtungi wa kupikia rojo ulilipuka kwenye kiwanda cha karatasi cha Jay, jimbo la Maine, ng'ambo tu ya mpaka. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia. Lakini mwaka 2023 kiwanda kikafungwa moja kwa moja. Tani zote zilizokuwa zinaingia pale zilitafuta pa kwenda, na mwaka huohuo Berlin inayumba. Mwenye msitu ukimwambia leo "nikupunguzie miti mibovu", anakuuliza utaipeleka wapi.

---

Mchambuzi wa Bili

Nikisoma huu mkataba wa Berlin mawazo yananipeleka Tegeta. IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, ilisaini na shirika letu la umeme TANESCO mwaka 1995, megawati 100, miaka 20. Sote tunajua tulivyoumia. Tofauti iko wapi? Mkataba mrefu, bei ya juu, mwananchi analipa.

---

Mwanamsitu

Tofauti ipo, tena ni kubwa. IPTL tulilipa tozo ya uwezo. Mashine ziwe zinawaka, ziwe zimezimwa, tozo inasoma. Berlin ililipwa kwa umeme uliofika kwenye gridi. Ukizima, hulipwi. Halafu fedha ya IPTL sehemu kubwa iliishia kwenye mitaji na mafuta ya kuagiza nje. Ya Berlin, kwa kuwa kuni ndiyo gharama kubwa ya mtambo wa namna hii, nyingi ilizunguka kwa wakata miti, madereva, mafundi wa mashine, wenye misitu wa mle mle. Sisemi mkataba ulikuwa mzuri. Nasema aliyelipa aliona pesa yake ikibaki nyumbani.

Na Berlin walikuwa na ukomo. Sisi IPTL haikuwa na ukomo wa namna ile. Mdhibiti wa New Hampshire alifanya kazi yake mwaka 2011, na kwa hilo nampa heshima.

---

Mama Mbao

Kaka Mwanamsitu, mimi niko Njombe na naomba nirudishe mazungumzo nyumbani. Mnaposema hatuna umeme wa kuni mnatusahau TANWAT. Kiwanda cha miwati kina mtambo wa megawati 2.5 tangu miaka ya 1990, unachoma miti ya kampuni yenyewe, na umeme wa ziada umeuzwa TANESCO miaka mingi. Ni mdogo, lakini umekaa muda mrefu kuliko huo mkataba wa Berlin.

Nikueleze kwa nini ninavyoona mimi. Pale mvuke una kazi mbili. Miwati inakatwa kwa ajili ya gamba, gamba linachemshwa kutoa dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama, na mti uliobaki ndio kuni. Mvuke unachemsha, mvuke unazungusha mashine. Hata TANESCO ikichelewa kulipa, kiwanda bado kina sababu ya kuwasha boila asubuhi.

---

Mwanamsitu

Dada umegusa penyewe. Mtambo unaochoma kuni mbichi kwa ajili ya umeme peke yake hugeuza takriban robo tu ya nishati ya kuni kuwa umeme. Robo tatu inapanda bombani au inaishia kwenye maji ya kupoza. Berlin ilikuwa hivyo. Mji wenyewe uliliona: walipata karibu dola milioni 19.5 za serikali ya shirikisho mwaka 2021 kwa mradi wa kupitisha maji ya moto ya mtambo chini ya barabara za katikati ya mji, theluji iyeyuke yenyewe. Wazo zuri sana kwa mji wenye baridi ile. Ila angalia miaka: wazo la kuutumia ule moto linapata fedha 2021, mtambo unafilisika 2024. Lingekuwa sharti la mkataba tangu 2011 tungekuwa tunazungumza mengine.

---

Majani Mabichi

Mnasahau hewa. Kuchoma kuni kunatoa hewa ya ukaa nyingi zaidi kwa kila uniti ya umeme kuliko hata makaa ya mawe. Mti mpya utaifyonza, ndiyo, lakini baada ya miaka mingapi? Massachusetts walifanya utafiti kupitia taasisi ya Manomet, ukatoka 2010, na mwaka 2012 wakabadilisha kanuni: mtambo wa kuni usiofikisha ufanisi wa asilimia 50 haupati hati za nishati jadidifu. Hati zile ni fedha, mtambo huziuza. Jirani akifunga mlango huo, mtambo wa robo ufanisi kama Berlin unabaki na soko dogo.

Kwa hiyo siungi mkono sheria ya kuuokoa, hata kwa fedha ya hazina.

---

Mwanamsitu

Nakubaliana nawe kwenye ufanisi. Kwenye hewa, inategemea mti umetoka wapi. Kilele na matawi yaliyoachwa porini yataoza na kutoa hewa ileile ndani ya miaka kadhaa. Mti mzima mzuri uliokatwa ili uchomwe ni habari nyingine kabisa, na hapo nasimama upande wako. Sheria nzuri ingetenganisha hivyo viwili. California walijaribu kitu cha karibu: SB 859 ya mwaka 2016 ilizitaka kampuni za umeme zinunue megawati 125 kutoka mitambo inayochoma miti iliyokufa kwenye maeneo yenye hatari kubwa ya moto. Ukiisoma unajua wanalipia nini. Wanalipia kuondoa kuni kavu mlimani kabla haijaungua na nyumba za watu.

Mfano wa pili ni Minnesota, na huu naupenda zaidi. Mji wa Benson ulikuwa na mtambo wa megawati 55 uliokuwa ukichoma samadi ya batamzinga. Umeme wake ulikuwa ghali. Mwaka 2017 Bunge la jimbo liliiruhusu kampuni ya umeme, Xcel, kuuvunja mkataba na kuufunga mtambo, na ndani ya mpango huo mji wa Benson ukapata dola milioni 20 za kuanzia upya. Walikaa mezani wakasema: umeme huu hatuutaki, lakini watu hawa hatuwatupi. Bei ikaandikwa. Berlin hakuna aliyewahi kuwaandikia bei hiyo.

---

Kibatari

Basi mkuu umeshajibu mwenyewe. Ulipie kwa hazina, uandike unalipia nini. Ila Maine walifanya hivyo 2016, walitenga dola milioni 13.4 za walipa kodi kwa mitambo ya kuni ili kulinda kazi. Mwaka uliofuata wakata miti walikuwa wanalalamika hawalipwi kwa wakati na mtambo uliopewa ruzuku. Hazina nayo si dawa.

---

Dereva wa Semi

Hilo la Maine ni kweli, Kibatari, na wenzangu waliguswa. Tatizo fedha ilipita kwa mwenye mtambo kwanza. Aliyekuwa na mashine porini alikuwa wa mwisho kwenye foleni, na ndiye aliyetajwa kwenye hotuba zote za kuomba ruzuku.

Ningekuwa mimi ndiye ninayeandika sheria ningelipa kwa tani iliyopimwa mizani. Mizani ina karatasi. Ina tarehe, ina uzito, ina namba ya gari.

---

Mwanamsitu

Dereva, hiyo ya kulipa kwa tani kwenye mizani sikuwa nayo kichwani wakati naanzisha uzi, na naichukua. Inajibu hoja ya Kibatari pia, maana ukomo unawekwa kwenye idadi ya tani na hakuna deni linalojumlika gizani.

---

Wa Magharibi

Niongeze la Kenya kwa ufupi. Mumias Sugar ilikuwa na mtambo wa megawati 38 wa kuchoma makapi ya miwa, na megawati 26 zilikuwa za kuuzia Kenya Power. Bei haikuwa tatizo la kwanza. Miwa ilipungua, kiwanda kikaingia madeni, makapi yakakosekana, umeme ukakatika. Kule kwenu Berlin kuni zilikuwepo na bei ikakosekana, kwetu kinyume chake. Wakulima ndio walioachwa na madai yao.

---

Mama Mbao

Pole sana ndugu yangu. Wakulima wa miti huku nao wanaogopa kitu hichohicho, kuahidiwa soko halafu lifungwe miti ikiwa imeshapandwa.

Kaka Mwanamsitu, swali langu la mwisho. Akija mtu Mafinga kesho na mtambo, tumuulize nini?

---

Mwanamsitu

Dada, kwanza ukubwa. Kwetu kuna utaratibu wa miradi midogo ya umeme, hadi megawati 10, wenye mikataba ya mfano na bei elekezi za EWURA, mdhibiti wetu wa nishati, ulioanza 2008. Zamani bei ile ilifuata gharama ambayo TANESCO ingeiokoa kwa kununua kwako. Mwaka 2015 ikaanza kupangwa kulingana na aina ya chanzo, kwa hiyo umeme wa kuni una bei yake. Megawati 75 haingii humo, itabidi mkataba wa mazungumzo, na huko ndiko Berlin ilikokwama. Anayekuja na mtambo mkubwa muulizeni anataka kukwepa nini.

Pili, moto unaobaki unakwenda wapi. Mafinga kuna vikaushio vya mbao. Kama bomba la mvuke halionekani kwenye ramani ya mradi, mrudisheni akaichore upya.

Tatu, mabanzi ya leo yana wenyewe. Kuna mama anapikia, kuna wachoma matofali. Mwekezaji anasema ni taka kwa sababu hajawahi kuuliza bei. Naomba mwenye kiwanda cha mbao Mafinga au Sao Hill atuwekee hapa lori moja la mabanzi linauzwa shilingi ngapi kiangazi na masika, tupige hesabu ya uniti moja kwa namba za kwetu.